Takwimu ama aktuaria: umemaliza S.6, uchague ipi?

Juzi jioni binti wa shangazi yangu kanipigia simu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Matokeo ya UACE, ule mtihani wa mwisho wa S.6, kayapata, PEM yake (fizikia, uchumi na hesabu) imekaa vizuri, hesabu ana A, na sasa nyumba nzima imegawanyika. Baba yake anataka aandike aktuaria, yaani hesabu za bima na pensheni, kwa sababu kasikia mahali kwamba hao ndo wanaolipwa, mama yake hajawahi kukutana na mtu hata mmoja mwenye kazi hiyo na anaogopa kuuza ng'ombe kwa kitu asichokijua. Mwenyewe anapenda namba, ila hajui kama hizo kozi mbili ni kitu kimoja chenye majina mawili au la. Huyu ni mtoto wa tatu kuniuliza ndani ya miaka miwili, kwa hiyo leo naandika yote pamoja.

Mimi nilisoma takwimu Makerere. Binamu yangu alisoma aktuaria, hapohapo na miaka ileile, tukikaa hosteli za Kikoni zinazotazamana, kwa hiyo nimeziona zote mbili kwa karibu, yangu darasani na yake usiku tukila chapati na maharage huku yeye akilia na majedwali yake ya vifo. Kwa Kiswahili cha vitabuni kozi yake inaitwa takwimu bima, lakini nitasema aktuaria kama tunavyoongea.

Nianze na mfano maana bila mfano hizi kozi zinafanana mno. Chukua madereva wa boda 1,000 pale mjini, kila mmoja na pikipiki ya shilingi milioni 6, wanataka kuanzisha mfuko wao, ukiibiwa mfuko unakulipa. Wanasema kwa mwaka zinaibiwa kama 40. Hesabu ya kwanza hata mtoto wa P.7 anaiweza: 40 mara milioni 6 ni milioni 240, gawa kwa watu 1,000, kila mtu atoe 240,000 kwa mwaka. Kazi imeisha? Haijaisha, na hapa ndo njia zinapogawanyika.

Mtu wa takwimu anasimama kwenye hiyo 40 na haondoki. Imetoka wapi? Nani alihesabu? Kama ulienda kwenye steji (kijiwe cha boda) ukauliza madereva "umewahi kuibiwa mwaka huu", basi umewauliza waliobaki, maana aliyeibiwa pikipiki ambayo bado ana deni lake ameshaondoka steji, yuko kijijini analima ama anabeba mizigo sokoni, hukumkuta. Kwa hiyo 40 yako ni ndogo kuliko ukweli. Ukienda polisi utapata walioripoti tu. Sasa utatafutaje namba ya kweli, uchague steji zipi, uulize swali kwa lugha gani, na ukishapata jibu uamini kwa kiasi gani? Hilo ndo somo langu, miaka mitatu nzima ni hilo swali kwa sura tofauti.

Mtu wa aktuaria anapokea namba kutoka kwako (akiwa mzuri atakubana kwanza uthibitishe) alafu anauliza kitu kingine kabisa: ikiwa 40 ni wastani, mwaka mbaya utakuwaje na nani atalipa? Ukichukulia kila wizi unatokea kivyake, hesabu ya uwezekano inasema miaka mingi utaangukia kati ya 28 na 52 hivi. Mwaka wa 52 mfuko unahitaji milioni 312 na wewe ulikusanya 240. Na wezi wenyewe hawaibi mojamoja, likiingia genge mjini zinaondoka 10 wiki moja, kwa hiyo hata hiyo 52 ni matumaini. Alafu nani atakuja kujiunga wa kwanza? Ni yule wa steji ya hatari, anayelala nje na pikipiki yake. Na akishajiunga je, atafunga cheni kama zamani akijua mfuko utamlipa? Kwa hiyo kiasi cha kutoza, akiba ya kuweka pembeni, masharti ya kulipa, na hiyo akiba iwekwe wapi izae riba bila kupotea, hayo yote ni ya aktuaria.

Kwa ufupi takwimu inauliza namba ni ya kweli kiasi gani, aktuaria inauliza tukikosea pesa itatoka wapi. Ukisoma mistari hiyo miwili ukahisi moja inakuvuta zaidi, hapo tayari una nusu ya jibu, na kwa kweli mi naiamini hiyo hisia kuliko mambo ya mishahara.

Kwenye kuingia sitakaa sana. Makerere kozi zote mbili ziko skuli moja, ile ya takwimu na mipango ndani ya CoBAMS (koleji ya biashara na usimamizi), ambayo mizizi yake ni taasisi iliyoanzishwa 1969 na serikali pamoja na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kufundisha watakwimu wa nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza, kwa hiyo sio kitu cha jana. Zote zinataka hesabu ya prinsipo, yaani uwe umeifanya kama somo kuu A-level, ile hesabu ndogo ya sabsidiari haikufikishi. Na hesabu inabeba uzito mkubwa, A ni pointi 6, na kwa kuwa ni somo la msingi kwa kozi hizi inazidishwa kwa 3 inakuwa 18, ndo maana mtu wa PEM au MEG (hesabu, uchumi na jiografia) mwenye A ya hesabu anaruka juu hata kama jiografia ama fizikia imeyumba kidogo. Wasichana mna nyongeza yenu ya pointi 1.5, ipo tangu 1990, msiione aibu.

Mwaka wa kwanza mtakaa madarasa yanayofanana sana: kalkulasi, aljebra ya matriksi, uwezekano, uchumi, kompyuta. Wengi wanaanguka hapa, na sababu mara nyingi sio ugumu, ni kwamba A-level ulikuwa unafundishwa na kufuatiliwa, chuo mhadhiri anaandika ubao mzima anaondoka na wewe mwenyewe ndo utafute mazoezi. Ukipata ritake (kurudia somo ulilofeli) ya uwezekano mwaka wa kwanza itakufuata, maana kila kitu mbele kinasimama juu yake, kozi zote mbili. Kwa hiyo ukiwa vakesheni hii, badala ya kukaa tu, fungua hesabu za uwezekano za S.6 urudie mpaka zitoke kama salamu.

Mwaka wa pili ndo mnaachana.

Kwenye takwimu unaingia sampuli, rigresheni (kupima kitu kimoja kinavyobadilika kingine kikibadilika), kupanga majaribio (hii ya wakulima: mbolea A shamba hili, mbolea B lile, utajuaje tofauti imetokana na mbolea na sio udongo), data za miaka mfululizo kama bei za chakula, idadi ya watu na uzazi. Kitu kimoja kilichonibadilisha akili ni sampuli. Ukichagua watu 400 kwa bahati nasibu ya kweli, asilimia utakayopata inakosea kama pointi 5 juu au chini, iwe ni mji wa watu laki moja ama Uganda yote ya milioni 45. Ukitaka kosa lishuke mpaka pointi 2, lazima uhoji watu kama 2,400. Nilipoelewa kwamba ukubwa wa nchi karibu haujalishi, unachojali ni namna ulivyochagua, nilikaa kimya siku nzima.

Lakini takwimu pia ni vumbi. Hili nataka wazazi wasikie, kwa sababu wanadhani ni kazi ya ofisini tu. Likizo moja nilifanya kazi ya kuhoji kwa shirika fulani, vijijini huko mashariki, na dodoso lilikuwa na swali "kipato cha kaya kwa mwezi". Mkulima wa muhogo hana kipato cha mwezi! Ana cha msimu, ana mbuzi kauza Januari kwa ajili ya ada, ana mtoto Kampala anayetuma mobail mani akipata. Tulijaza namba kwa sababu tableti ilikataa kuendelea bila namba, na nilipomwambia msimamizi akasema jaza tu tuna tageti. Baadaye ile data ikawa ripoti yenye grafu nzuri. Mpaka leo inaniuma. Nilipoingia mwaka wa tatu nikasoma namna ya kutengeneza dodoso, kulipima kwanza kwa watu wachache, kuuliza kipato kwa msimu na kwa chanzo, nilikuwa nasoma kama mtu mwenye deni la kulipa. Ukiwa mtu wa kukereka na kitu kama hicho, takwimu inakuhitaji, nchi hii inakuhitaji.

Upande wa binamu yangu ilikuwa dunia nyingine. Wao ni pesa na muda, muda na pesa. Milioni 1 utakayopewa baada ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 10, leo thamani yake ni kama 385,500, hiyo ndo wanaanza nayo. Alafu wanaongeza kwamba huenda mtu asiwe hai kuipokea, sasa changanya riba na uwezekano wa kufa. Jedwali la maisha linaanza na watoto tuseme 100,000 waliozaliwa, linaonyesha wangapi wamebaki wakifika miaka 20, 40, 60, na kutoka hapo unapiga bei ya bima ya maisha ama pensheni ya kila mwezi mpaka kifo. Wazo lenyewe ni la zamani, Edmond Halley, yuleyule wa nyota yenye mkia, alichapisha jedwali kama hilo 1693 kwa kutumia rekodi za vifo za mji wa Breslau. Hesabu zake ni nzuri, mi nilimwonea wivu kidogo, lakini ni ndefu na kosa dogo mstari wa pili linaharibu ukurasa mzima. Kama S.6 ulikuwa unapenda maswali marefu ya hatua kwa hatua, hii ni yako. Kama ulikuwa unapenda kubishana kwa nini swali limeulizwa hivyo, njoo kwetu.

Sasa tofauti kubwa kuliko zote, na hii ndo wazazi wengi hawaambiwi: digrii ya takwimu ukimaliza wewe ni mtakwimu, unaweza kuajiriwa kama mtakwimu. Digrii ya aktuaria ukimaliza wewe bado sio aktuari. Bado kuna mitihani ya kitaaluma, wengi huku kwetu wanafanya ile ya chama cha maaktuari cha Uingereza, IFoA, wengine ya chama cha Marekani, SOA. Ya Uingereza inaanza na karatasi kama CS1, CS2, CM1, CM2, CB1, CB2, kisha zile za CP, kisha za kubobea SP na SA, jumla zaidi ya kumi, na inafanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Septemba. Inalipiwa kwa pauni. Unasoma usiku baada ya kazi, unafeli moja unarudia, kufika mwisho ni miaka, sio miezi. Binamu yangu alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kabla ya kazi kusoma CS2, na alifeli mara ya kwanza, akarudia akapita.

Kuna unafuu, usikate tamaa mapema. IFoA ina ada ya punguzo kwa watu wenye kipato kidogo, na ni punguzo kubwa, lazima uliombe wewe mwenyewe usingoje kuletewa. Anza na karatasi moja ukiwa bado chuo, wakati kichwa kina joto, kwa mfano CS1 ambayo karibu yote ni uwezekano na takwimu kama ulizosoma darasani, na sehemu yake ya pili unaifanya kwenye kompyuta kwa R, lugha ya kompyuta ya kuchambua data. Mtu anayemaliza digrii na karatasi moja ama mbili mkononi anaangaliwa tofauti kabisa na mwenye digrii peke yake. Kwa hiyo mzazi ukipiga bajeti ya aktuaria usipige ya miaka mitatu, piga ya miaka mitatu na hiyo mingine ya mbele, na mtoto ajue.

Tuje kwenye kazi hapa nyumbani, nitasema ninavyoona.

Takwimu mlango wake ni mpana. Kuna UBOS, ofisi ya taifa ya takwimu, pale Colville Street, kuna wizara, kuna wilaya zaidi ya 130 na kila moja ina kitengo cha mipango kinachohitaji mtu wa data, kuna watafiti wa afya kama wale wa Entebbe, kuna mashirika yanayotafuta watu wa ufuatiliaji na tathmini kila mwezi, kuna mabenki na kampuni za simu. Sensa ya Mei 2024 ilifanyika kwa tableti ikatoa watu milioni 45.9, ile ya 2014 ilikuwa milioni 34.6, na vijana wengi walipata kazi yao ya kwanza pale. Ubaya wake ni kwamba nyingi za kazi hizi ni mikataba mifupi. Miezi mitatu una kazi, miwili huna, mradi umeisha mfadhili kaondoka. Usidanganyike na upana wa mlango, ndani mnasukumana wengi.

Aktuaria mlango ni mwembamba lakini waliosimama kwenye foleni yake ni wachache. Bima Uganda bado ni ndogo, haifiki asilimia 1 ya pato la taifa, kwa hiyo kampuni sio nyingi na timu za aktuaria ndani yake ni watu wa kuhesabika kwa vidole. Na NSSF yetu, ambayo watu wanaitaja sana, ni mfuko wa akiba, mfanyakazi anaweka 5% na mwajiri 10%, ukifika umri unachukua chako na riba, sio pensheni ya kila mwezi mpaka kufa, kwa hiyo yale mahesabu mazito ya maisha na kifo hayako hapo kwa wingi kama mtu anavyofikiri. Hata hivyo yapo mambo: sheria ya 2022 iliporuhusu mwanachama wa miaka 45 aliyechangia miaka 10 kuchukua hadi 20% ya akiba yake mapema, lazima mtu akae chini ahesabu pesa ngapi zitatoka na lini. Pia tangu Januari 2023 kanuni mpya ya kimataifa ya hesabu za bima, IFRS 17, imezilazimisha kampuni kufanya hesabu ambazo mhasibu peke yake haziwezi, wakaanza kuwatafuta hawa vijana. Na bima ya kilimo yenye ruzuku ya serikali, iliyoanza 2016, hiyo kwa maoni yangu ndo sehemu tamu kuliko zote, maana mvua, mavuno, bei na fidia vinakutana hapo, na mtu wa takwimu na wa aktuaria lazima wakae meza moja.

Kitu kingine: aktuaria inavuka mpaka vizuri. Mtihani wa IFoA ulioupita Kampala unajulikana Nairobi na London vilevile, na soko la bima la Kenya ni kubwa kuliko letu, binamu yangu saizi yuko huko. Digrii ya takwimu nayo inavuka, ila kwa njia ya kusoma zaidi, kwa mfano AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, pale Kigali wanachukua watu wa hesabu kutoka Afrika nzima kwa masters yenye ufadhili, na hapo wanakaribishwa wa kozi zote mbili.

Kompyuta nitasema kwa haraka: haijalishi umechagua ipi, jifunze Excel vizuri, jifunze R, na SQL (lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata) ukiweza. Laptopu iliyotumika inatosha, R ni ya bure.

Sasa nimjibu binti wa shangazi, na yeyote anayefanana naye. Ukiwa na hesabu kali, uvumilivu wa mitihani ya usiku kwa miaka, na mtu wa kukushika mkono kwenye ada za pauni mpaka upate kazi, na zile hesabu za riba zinakupa raha yenyewe, andika aktuaria. Ukiwa unahitaji kuanza kusaidia nyumbani mapema, au hujui bado kama utapenda afya, kilimo, benki ama serikali, andika takwimu, maana ukimaliza takwimu bado unaweza kufanya CS1 na kuingia aktuaria kwa mlango wa pembeni, hakuna anayekuzuia. Kurudi kinyume pia inawezekana, lakini mtu wa aktuaria aliyeacha mitihani njiani anajikuta akigombania kazi zilezile za data na watu waliokwisha fanya sampuli na uwanjani miaka mitatu.

Hiyo ya mwisho ndo imenifanya nimwambie yeye, kwa hali ya nyumba yao ninavyoijua, wadogo watatu bado wako shule: takwimu namba moja, aktuaria namba mbili, na tukiingia mwaka wa pili tukae tuangalie CS1 pamoja. Baba yake atanuna wiki moja, nitampigia mimi. Ng'ombe asiuzwe kwanza, subirini orodha ya wanaolipiwa na serikali itoke, kwa A ile ya hesabu na 1.5 yake ana nafasi ya kweli.

Na madaftari yangu ya uwezekano yako kwa mama, chumba cha nyuma, kwenye sanduku la chuma la buluu. Funguo iko kwa mama. Yachukue leo, anza na lile lenye jalada lililochanika.